Mtafiti wa Mikojo na Kichupa cha Mama

Mtanisamehe mwandiko. Niliacha shule darasa la nane, na tangu hapo kalamu naishika tu ninapoandika majina ya waliochanga kwenye mazishi. Mahali nimekosea herufi, someni vile mnasikia. Naandika polepole. Karatasi hizi zimenichukua wiki tatu, kwa sababu mtu ninayemwandika si rahisi kumweka kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alituweka sote, lakini yeye alikuwa na mashine.

Mbele yake tulimwita Mtafiti. Nyuma yake tulimwita Bwana Mkojo, na nadhani alijua, kwa maana watoto hawafichi kitu. Kwa miaka minne alikuja kijijini kwetu, chini ya mji wa Kabati, kila baada ya mavuno, kuchukua mkojo na damu yetu. Kule Makueni alichukua ya watu wa vilima vya Mbooni, ambako ndiko kwao. Alitaka kulinganisha. Huku kwetu chini mahindi hushikwa na kuvu ghalani, na kuvu hiyo ina sumu inayokula ini polepole, miaka na miaka, bila kelele. Mtafiti alitaka kujua kama mkojo unaweza kusema kwamba ini linaumia kabla mwenyewe hajahisi chochote. Hilo lilikuwa jambo jema. Naliandika mapema kwa sababu mengi yanayofuata hayamsifu.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la kusomea vitabuni. Mwaka ule wa nne macho ya mama yalianza kugeuka manjano. Alikuwa anachoka akiwa bado hajafanya kazi, na tumbo lilimsumbua. Siku Mtafiti alipokuja kugawa vichupa, mama alimvuta kando, akavuta kope la chini kwa kidole, akamwonyesha.

"Mtafiti, hii ni nini?"

Mtafiti aliangalia saa yake. "Mama, mimi si daktari wa kutibu. Subiri mashine."

Mama akasubiri mashine. Tulimwambia aende hospitali, akatucheka. "Mtu amenibebea mashine ya Nairobi mpaka mlangoni, halafu mimi niende kupanga foleni kutwa nzima nipewe panadol?" Kwa hiyo mjue tangu hapa tulikuwa tunangoja nini. Wengine walingoja sabuni na kilo mbili za sukari ambazo Mtafiti aligawa kama shukrani. Sisi tulikuwa tunangoja kuambiwa kama mama anakufa.

Mashine yenyewe hatukuiona hata siku moja. Ilikaa Nairobi kwenye chumba chenye baridi, na Mtafiti alituambia kwamba mtu haingii humo na viatu vya nje. Alituelezea darasani, pale shule ya msingi, tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

"Mwili ni jiko," alisema. Alipenda sana kusema hivyo. "Chakula ni kuni. Mkojo ni majivu. Mimi nasoma majivu, najua jiko limepika nini na limepikaje."

Jirani yetu mmoja, mzee wa mbuzi, akainua mkono. "Kwa hiyo ukisoma majivu yangu utajua nilikula kuku wa nani?"

Watu wakacheka. Mtafiti hakucheka. "Nitajua ni kuku. Kwamba ni wa nani, hiyo ni kazi ya chifu."

Mama mmoja akauliza kama ni kweli mashine inapima uzito. Akaambiwa ndiyo. "Sasa mkojo wangu una kilo ngapi?"

"Si mkojo, mama. Ni chembe zilizo ndani yake. Mashine inanyunyiza mkojo unakuwa kama umande. Kisha inazipa zile chembe umeme, inazirusha ndani ya bomba ambalo halina hewa. Chembe nyepesi inafika kwanza, nzito inachelewa. Nikijua imefika saa ngapi, najua uzito wake. Nikijua uzito, najua ni nini."

"Kama mbio za shule."

"Kabisa. Kama mbio za shule."

"Na namba moja anapewa nini?"

Hapo Mtafiti alifunga daftari. Alikuwa mtu wa kueleza vizuri, vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyepitia, lakini swali likitoka nje ya mstari alifunga daftari.

Alivaa saa mbili. Ya mkono wa kulia ilikuwa ya saa za kawaida. Ya kushoto ilikuwa ya sampuli, yaani kile kilichokuwa ndani ya vichupa, na hiyo ilianza kuhesabu wakati kichupa kimetoka mkononi mwako mpaka kimeingia kwenye sanduku la barafu. Kichupa kikikaa juani kupita dakika zake, alikimwaga mbele yako, akaandika, akakwambia, "Imeharibika." Hakusema pole. Mkojo ukishapata joto, alisema, chembe zake zinabadilika, na mashine itasoma uongo. Nilimwona akimwaga vichupa tisa siku moja kwa sababu bibi mmoja aliyekuwa akimletea vya boma lake zima alisimama njiani kusalimiana na dada yake.

Lile sanduku la barafu alilipenda kuliko mwili wake. Kwenye pikipiki lilikaa katikati, kati yake na dereva, limevikwa sweta lake, na yeye mwenyewe akitetemeka kwa baridi ya kupanda Mbooni alfajiri. Mvua ikinyesha, mwavuli ulikuwa wa sanduku. Dereva wake, kijana wa Kikima kule Mbooni, alituambia kwamba siku moja pikipiki iliteleza kwenye matope, wakaanguka wote watatu, na Mtafiti akapiga kelele, "Haijafunguka? Haijafunguka?" Dereva akajibu, "Mimi ama sanduku?"

Jumapili hakuliacha chumbani kwa sababu umeme wa nyumba aliyopanga ulipotea kila mara, kwa hiyo aliingia nalo kanisani na kuliweka kwenye benchi kama muumini. Hapo ndipo palipotokea kisa ambacho mpaka leo kinachekwa. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu walikuwa wameleta kuku, miwa, mbaazi, maboga, na baada ya mahubiri vitu hivyo hupigwa mnada pale mbele. Mtafiti alitoka nje kupokea simu. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mwenye bidii kupita macho yake, akaona sanduku zuri la bluu limeachwa peke yake, akajua ni sadaka ya mtu mnyenyekevu asiyetaka kuonekana. Akalibeba mpaka madhabahuni.

"Hapa kuna kitu cha baridi!" akatangaza. "Soda hizi, ama ni maziwa? Nani ananunua kwa jina la Bwana?"

Watu wakaanza kushindana. Mwenye hoteli alikuwa ameshalishika mpini Mtafiti aliporudi, akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Wacheni! Hiyo ni mikojo!"

Pasta akauliza kwa upole, "Ya nani?"

"Yenu!"

Mwenye hoteli aliliachilia kama lina nyoka. Mzee wa kanisa hakukaa mbele tena mwezi mzima. Mtafiti alilifungua pale pale, akaangalia kipimajoto, akaandika kwenye daftari kwamba sampuli ziko salama. Hakuandika, nadhani, kwamba ziliwahi kutolewa kwa Mungu.

Nikisema alikuwa na masharti, sijasema nusu. Siku ya damu tulikatazwa kula tangu jioni iliyotangulia. Hata chai. Tulikaa kwenye foleni watu arobaini, wazee kwa vijana, matumbo yakiongea Kikamba. Na Mtafiti, kwa kuwa yeye hakuwa wa kupimwa, alikaa mbele yetu akamenya yai la kuchemsha. Alilimenya vizuri, ganda lote likatoka kwa vipande viwili. Akalitia chumvi. Susu, nyanya yangu, ambaye haogopi mtu, akamwambia, "Mwanangu, kula ukiwa umetupa mgongo. Hata mbwa tunampa mgongo."

Akageuka. Hilo nampa. Ukimwambia jambo la wazi alilifanya. Shida ni kwamba lazima umwambie, na mimi si mtu wa kuambia watu.

Chakula chetu hakukila. Miaka minne hakuonja muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, wa nyumba yoyote kijijini, aliogopa kuvu. Alikuja na mkate wake na mayai yake. Alitufundisha kupima mahindi kwa chumvi: unaweka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, na chumvi ikishika ukutani mwa chupa ujue mahindi hayajakauka, usiyaweke ghalani. Hilo tunalifanya mpaka leo, na ni la kweli. Lakini yule dereva wa Kikima alitusimulia kwamba Mtafiti akifika kwa mama yake huko mlimani anaketi jikoni, anapewa isyo ya mahindi na maharage kutoka gunia la mwaka juzi, anakula sahani mbili na kulamba mwiko, na chumvi anayotia ni ya kuongeza ladha.

Nilimpenda kidogo niliposikia hivyo. Lakini pia nilijiuliza kwa nini mahindi ya mama yake hayana sumu na ya mama yangu yana.

Majina hakushika. Alishika namba. Kila mtu alikuwa na namba kwenye kichupa, na namba ndiyo aliyokusalimia nayo barabarani. Mama alikuwa mia moja na saba, mimi mia moja na nane. Mzee mmoja alipofariki, Mtafiti alikuja mazishini, akavua kofia, akamshika mjane mkono na kusema, "Poleni sana kwa Ishirini na Tatu." Alisema kwa uchungu wa kweli. Mjane akamwambia aende akanywe chai.

Sasa nifike kwenye kichupa.

Mkojo aliotaka ni ule wa kwanza asubuhi, wa nyumbani, kabla hujanywa kitu. Vichupa viligawiwa jioni, na Mtafiti alipita alfajiri kuvikusanya. Mwaka huo wa nne kisima cha mchangani pale mtoni kilikuwa kimeshuka, na ukichelewa unakuta matope. Mama aliamka kabla ya jogoo akaenda na mitungi. Kichupa alikisahau dirishani, kikavu, na namba yake juu.

Tukasikia pikipiki. Mtafiti akasimama langoni na saa zake mbili.

Susu akakichukua kile kichupa, akakigeuza juu chini. "Kitupu," akasema, kana kwamba ameona mtu uchi. Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata kama ni ndizi moja. Kurudisha kitupu ni kumwambia mtu asije tena. Susu akanisukumia kichupa kifuani.

"Ingia chooni."

"Susu, hiki ni cha mama. Changu ni hiki kingine."

"Jaza vyote."

"Atajua si wa mama."

"Atajuaje? Wewe ulitoka wapi, si tumboni mwake? Ni mto mmoja huo. Enda, mgeni anangoja."

Nilijaza vyote. Nilivifuta kwa nje, nikavipeleka langoni, mia moja na saba na mia moja na nane, vikiwa bado na joto. Mtafiti alivishika juu ya mwanga, akatikisa kichwa kwa furaha. "Nyumba hii inafuata maagizo," akasema. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Kisha saa ya kushoto ikalia, akaondoka.

Miezi mitano baadaye alirudi kwa mkutano wa kufunga utafiti. Alituonyesha karatasi zenye michoro kama milima iliyokonda, akasema milima fulani ilikuwa mirefu kwa watu wa chini kuliko wa Mbooni. Alisema kanuni haziruhusu kumpa mtu mmoja mmoja majibu yake. Lakini mama alimfuata mpaka kwenye pikipiki, macho yake manjano kama ganda la embe, na Mtafiti, ambaye alipenda kuonekana anajua, akainama kidogo.

"Mia moja na saba, sikwambii mimi. Lakini usiwe na wasiwasi. Jiko lako linawaka kama la msichana wa miaka ishirini."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini.

Mama alicheka njia nzima. Aliwaambia watu kisimani, akawaambia kanisani. "Mashine imesema mimi ni msichana!" Wanawake wakamwita msichana kwa utani, wakamuuliza mahari yake. Kila alipocheka hivyo mimi nilienda nyuma ya nyumba. Mnisamehe, sitaandika nilichofanya huko. Nilikaa na jambo hilo wiki sita. Siku alipodondosha mtungi kwa sababu mikono haikuwa na nguvu, nikamwambia nikiwa nimeangalia ukuta.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Kwa hiyo msichana ni wewe?" Kesho yake tukaenda hospitali. Ini lilikuwa limeanza kuwa gumu. Daktari aliuliza tumeyaona haya macho lini, na tulipomwambia, aliweka kalamu chini kwanza kabla ya kuandika.

Mama anatumia dawa, anaenda kliniki kila mwezi. Kuna siku nzuri. Daktari hajatuambia ziko ngapi.

Mtafiti nilimkuta mwaka huu Kikima, siku ya soko. Nilikuwa nimepanda kununua miche ya parachichi. Alikuwa amesimama mbele ya mama muuza matunda, bila sanduku, akiminya maparachichi moja baada ya jingine. Amenenepa kidogo. Saa ni moja.

"Mtafiti," nikasema.

Aligeuka. "Wewe ni wa nyumba ile ya chini ya Kabati."

Nilikuwa nimepanga maneno haya usiku mwingi sana, na yalipotoka yalitoka yote kwa mara moja. "Kile kichupa cha mama hakikuwa cha mama. Vyote viwili vilikuwa vyangu."

Aliendelea kuminya. "Najua."

"Unajua?"

"Mashine ilionyesha. Michoro miwili ilifanana kupita pacha. Mama na binti hawafanani hivyo. Nilirudia mara tatu. Hiyo ilikuwa kama wiki tatu baada ya ule mkutano."

"Ukafanya nini?"

"Niliwatoa kwenye hesabu. Wewe na yeye. Sampuli yenye shaka haikai na zilizo safi, ingeharibu kazi yote."

"Nauliza ulifanya nini kwa mama."

Alianza kusema kwamba mradi ulikuwa umekwisha, pikipiki ilikuwa imerudishwa, kanuni haziruhusu majibu ya mtu mmoja mmoja. Nikamwambia kanuni hazikumruhusu pia siku ile alipoinama, na bado aliinama. Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Watu wakaanza kuangalia.

Muuza matunda akamgusa mkono. "Kaka, hilo umeliminya mpaka limekuwa uji. Hilo ni lako sasa."

Mtafiti aliangalia kiganja chake cha kijani. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yuko hai?"

Nilipiga simu nyumbani, nikampa. Simu yangu spika yake imeharibika, inapiga kelele hata usipotaka, kwa hiyo soko lote la matunda lilisikia.

"Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Yule wa utafiti."

"Yule wa ini la msichana?" Mama alikuwa na pumzi kidogo, lakini alikuwa anatabasamu, namjua. "Unataka nini, mwanangu? Mikojo imeisha huko?"

"Mama, kulikuwa na hitilafu ya sampuli. Yaani ile namba yako niliitoa kwenye uchambuzi, pamoja na nyingine..."

"Usiniletee mashine. Mashine haikuniambia kitu. Aliyeniambia ni wewe."

Mtu aliyeweza kueleza umande na umeme na bomba lisilo na hewa alisimama pale na parachichi mkononi akitafuta neno.

"Nilikosea kukwambia," akasema mwishowe. "Na nilipojua ukweli, sikuja."

Tulisikia mbuzi wetu kwenye simu.

"Haya," mama akasema. "Mimi umeniambia. Wale wengine uliowatoa, je? Walikuwa wangapi?"

"Walikuwa wachache."

"Umewaambia?"

Mtafiti alinirudishia simu, akalilipia lile parachichi lililopondeka, akapanda njia ya kwao huku akijipangusa kwenye suruali. Mama bado alikuwa kwenye laini, akiuliza, "Amesema nini? Sijasikia, amesema nini?"

Ndiyo sababu nimeandika, kwa maana tangu simu ile mama ameniuliza kila siku kama wale wengine waliambiwa, na mimi sina mashine. Kama uko Kabati, au Mbooni, au popote, na mtu alikuja akakupa kichupa chenye namba, tafadhali niandikie kupitia mhariri atakayechapa karatasi hizi. Niambie kama ulirudishiwa jibu, na nani alikwambia, na kama kilichokuwa ndani kilikuwa chako kweli, sitamcheka mtu. Lakini kama macho yako ni manjano, usianze na barua. Anza na hospitali, kisha uniandikie.